Raba ya laki tatu na nusu inakukinga usiumie ukikimbia? Wana Mwanza njooni tuambizane ukweli

#1 Mtu wa Bwiru

Wakuu salaam, wakubwa wote wa humu shikamooni.

Nimeona nifungue huu uzi maana hili jambo linanikera muda mrefu, watu wanaendelea kuumia na hela zinaendelea kuwatoka. Siku hizi Mwanza joging imekuwa kitu kikubwa, Jumamosi alfajiri ukipita Barabara ya Makongoro au ukizungukia Capri Point unapishana na vikundi vyenye jezi za kila rangi, vijana, wazee, akina mama, na mimi nalifurahia sana. Ila mtu akianza tu kulalamika goti au ugoko, ushauri wa kwanza ni "badilisha raba". Awe kocha, awe mwenzio wa klabu, awe muuza duka, jibu ni hilo hilo.

Kuna dada kwenye klabu yetu, mwajiriwa, hela yake ya mchezo wa upatu ilipotoka akaenda dukani kununua raba ya kukimbilia. Akaambiwa avue viatu asimame, muuzaji akamwangalia kwa nyuma akamwambia miguu yako ni bapa, inalalia ndani, ukikimbia na raba ya kawaida utaharibu magoti, chukua hii. Laki tatu na nusu. Akalipa kwa moyo mmoja kabisa maana alikuwa anaogopa kuumia. Baada ya muda akawa anasikia maumivu kwenye ugoko mguu wa kulia, sehemu moja tu, ukiiminya kwa kidole gumba anaruka, na usiku akilala panapwita. Kupigwa picha hospitali, mfupa ulikuwa umeanza kuweka ufa. Sasa tulipokaa naye vizuri ndo ikajulikana kwamba alikuwa anakimbia nusu saa kwenye tambarare, tena siku mbili kwa wiki, afu ghafla akaunga na kundi linalopanda Isamilo na kushuka kule kwenye barabara za mawe, zaidi ya saa nzima kila wakitoka, kwa sababu aliamini ana kiatu cha kumlinda.

Hicho ndo kinaniuma. Sio bei peke yake, ni ile imani kwamba nimeshavaa kinga.

Tuje kwenye ushahidi, nitajitahidi nisiwachoshe.

Raba hizi zenye sponji nene kisiginoni ni kitu cha juzi tu. Zimeshika kasi miaka ya 1970 Marekani, ile homa ya raia wa kawaida kukimbia barabarani ilipolipuka. Zikauzwa kwa hoja mbili: sponji inapunguza mshindo mguu ukitua, na soli iliyokazwa upande wa ndani inazuia mguu kulalia ndani. Hoja zote mbili zinaingia akilini, ila hakuna aliyepima kwanza. Mwaka 2009 Craig Richards na wenzake wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia, walichapisha matokeo ya kupekua tafiti zote wakitafuta jaribio hata moja la uhakika linaloonyesha kwamba raba za aina hiyo zinapunguza majeraha ya wakimbiaji. Hawakupata hata moja. Yani miaka zaidi ya 30 madaktari na maduka wanawaandikia watu kiatu kama dawa na dawa yenyewe haijawahi kupimwa.

Jeshi la Marekani ndo wakapima kwa idadi kubwa. Makuruta zaidi ya 7,000, wa jeshi la nchi kavu, wa anga na wa Marine, nusu wakapewa raba kulingana na umbo la unyayo (bapa wapewe ya kuzuia, upinde mkubwa wapewe yenye sponji, wa kati wapewe ya kati), nusu nyingine wote wakapewa aina moja bila kujali unyayo. Wakapiga mafunzo yale yale. Majeraha hayakutofautiana kwa maana yoyote. Kile kitendo cha kumsimamisha mtu na kumwangalia unyayo ndicho kilichopimwa pale, na hakikusaidia.

Canada nako mwaka 2011, wanawake 81 waliokuwa wanajiandaa na nusu marathoni, wiki 13, wakagawiwa raba za aina tatu, na wale waliopewa raba za kuzuia mguu kulalia ndani ndo waliolalamika maumivu zaidi, hata ambao miguu yao ilikuwa inalalia ndani kweli. Na Denmark mwaka 2014 wakafuatilia watu 927 wanaoanza kukimbia, wote raba moja ya kawaida, mwaka mzima, wenye miguu ya kulalia ndani hawakuumia zaidi ya wengine. Kwa hiyo hata huo "ugonjwa" wenyewe tunaotishiwa nao sio ugonjwa.

Mwaka 2022 taasisi ya Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya tiba na kuyachuja kwa ukali, wakatoa tathmini yao: majaribio 12, washiriki 11,240. Tofauti kati ya aina za raba kwenye kuzuia majeraha ni ndogo au haipo, na wakasema wazi ubora wa ushahidi wenyewe bado uko chini.

Sasa niwe mkweli upande wa pili maana sipendi mtu anayechagua ushahidi wa kumpendeza. Luxembourg wamefanya kazi nzuri sana kwenye hili, timu ya Laurent Malisoux na Daniel Theisen. 2014 walichukua wakimbiaji 247, wengine soli laini wengine soli ngumu bila wao kujua, hamna tofauti. Wakarudia na watu 848, matokeo yakatoka 2020, safari hii wenye soli ngumu wakaumia zaidi, kama mara moja na nusu hivi. Na 2016 kwa watu 372, raba ya kuzuia mguu ikaonekana kuwasaidia wenye miguu ya kulalia ndani, kinyume kabisa na ya Canada. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema kiatu hakina kazi kabisa. Nachosema ni kwamba mchango wake ni mdogo na hautabiriki, hakuna muuzaji anayeweza kukuangalia unyayo akakuhakikishia.

Kinachoumiza ni mzigo kuongezeka haraka kuliko mwili unavyozoea. Kila hatua ya mbio mguu mmoja unabeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na kwa dakika unapiga hatua 160 na kuendelea, piga hesabu ya saa nzima. Moyo na mapafu vinazoea mapema, wiki chache tu unajiona una pumzi, ila mifupa na mishipa ya kano inachukua miezi. Hapo katikati ndo watu wanaumia, pumzi inakwambia twende na mfupa bado haujawa tayari. Mfupa ni kama ukuta ambao fundi anauziba nyufa usiku, ukiutikisa tena kabla saruji haijakauka anakuwa anaziba na wewe unapasua.

Mwaka 2025 yametoka matokeo ya wakimbiaji 5,205 waliofuatiliwa kwa saa zao za mkononi kwa miezi 18. Hatari ilipanda pale mtu alipokimbia siku moja umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile mbio yake ndefu kuliko zote ndani ya siku 30 zilizopita. Aliyezidisha kwa asilimia 10 hadi 30, hatari juu asilimia 64. Aliyezidisha mara mbili na zaidi, asilimia 128. Angalia vizuri, ni siku moja. Umezoea kilomita 5 afu Jumamosi kundi linakwambia leo tunatoka Nyamagana mpaka Nyegezi na kurudi na wewe unaona aibu kubaki. Siku hiyo hiyo.

Nawasilisha, wenye uzoefu na wenye kupinga karibuni.

#2 Raba Makoroboi

Mkuu mimi ni muuzaji, nauza mitumba na mpya kidogo, nimesoma yote. Nikuambie hali ilivyo upande wetu, mteja anakuja ameshaamua, anasema nataka raba ya goti. Ukimwambia kaka hapa hakuna raba ya goti anakuona hujui kazi anahamia meza ya jirani na jirani anampa yoyote anamwambia ndo yenyewe hii. Sasa wewe unataka tuwaambie nini? Maana kuuza lazima tuuze, watoto wanasoma.

#3 Mtu wa Bwiru

Mkuu asante kwa kuja, swali lako ni la maana kuliko posti yangu yote. Mwambie avae jozi kadhaa bila kumwambia bei, atembee, aruke ruke, akimbie hatua 20 hapo nje, afu achukue ile anayosikia imekaa vizuri mguuni bila kumbana wala kumpwaya. Benno Nigg, profesa wa Calgary aliyepima miguu ya watu miaka na miaka, mwaka 2015 aliandika kwamba baada ya kuangalia hoja ya mshindo na hoja ya kulalia ndani zote mbili zinayumba, yeye anaona starehe ya mvaaji mwenyewe ndo kipimo bora tulichonacho. Na kidole kikubwa kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, mguu unavimba ukikimbia, na joto letu hili la mchana unalijua. Ukiuza hivyo hujamdanganya mtu na mauzo yako yako pale pale.

#4 Kijana wa Igombe

Mi naona mnazunguka bure, jibu lipo, ni kukimbia pekupeku. Sisi tumekulia mwaloni huku, tumevuta nyavu pekupeku, tumeenda shule pekupeku, tumecheza mpira mchangani pekupeku, hatukuwahi kusikia mtu ana ugoko sijui goti. Raba ndo imeleta haya magonjwa. Abebe Bikila yule Mhabeshi alishinda marathoni Roma bila kiatu na wazungu wenyewe walishathibitisha kwenye majarida yao makubwa.

#5 Mtu wa Bwiru

Kaka wa Igombe nakuheshimu na sehemu ya unachosema ni kweli, ila si yote.

Unayemsema ni Daniel Lieberman wa Harvard, 2010, jarida la Nature. Alionyesha kwamba waliozoea pekupeku, wakiwemo vijana wa Kikalenjin wa Kenya, mara nyingi wanatua kwa mbele ya mguu, na ule mshindo wa ghafla wa kisigino haupo. Ila kwenye ile kazi hakuhesabu majeraha, alipima namna ya kutua. Watu wakaruka hatua wakasema kwa hiyo hawaumii. Na 2013 wakapimwa Wadaasanach kaskazini mwa Kenya, nao ni watu wa pekupeku tangu utoto, wakikimbia kwa mwendo wao wa kawaida wengi wao walitua kwa kisigino. Kwa hiyo hamna "staili moja ya asili".

Bikila ni kweli, 1960 Roma, 2:15:16 pekupeku. Ila 1964 Tokyo alivaa viatu akashinda tena, 2:12:11.

Kilichotokea baada ya hapo ni somo. Marekani watu wakavamia vile viatu vya vidole vitano vya Vibram, soli nyembamba kabisa. Mwaka 2013 walichukua wakimbiaji 36 wazoefu, 19 wakahamishiwa kwenye viatu hivyo kwa wiki 10, 10 kati ya hao 19 wakakutwa mifupa ya mguu imeanza kuvimba kwa ndani kwenye picha. Na 2014 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai waliambiwa kiatu kinapunguza majeraha bila ushahidi. Unaona? Wa sponji nene na wa soli nyembamba wote waliuza ahadi ile ile.

Mzigo haupotei, unahama. Kisigino kikiwa juu goti linabeba zaidi, kikiwa chini kigimbi na mshipa wa kisigino vinabeba zaidi. Wewe uliyekulia mwaloni vigimbi vyako vilijengwa tangu una miaka mitano, ila karani wa mjini aliyevaa viatu vya ngozi miaka 30 akivua ghafla akakimbia kilomita 8 kesho hashuki ngazi. Anayetaka kujaribu aanze na dakika chache tu kwenye nyasi, miezi, sio wiki.

Na jingine tusisahau, huku mjini kuna chupa na misumari, na wale wanaokimbia kwa kukanyaga maji pembezoni mwa ziwa, kichocho kinapita kwenye ngozi, hakihitaji kidonda. Ukitaka mchanga kimbia kwenye mchanga mkavu.

#6 Mama J wa Nyegezi

Wanangu hamjambo. Mimi nina miaka 52, kilo zinakaribia 90, nilianza joging baada ya daktari kuniambia presha. Nimesoma nimeogopa kidogo. Mimi si ndo nahitaji ile raba laini kabisa yenye sponji nene kwa huu uzito? Na magoti yanauma nikishuka mteremko, nikipanda hayaumi.

#7 Mtu wa Bwiru

Mama shikamoo, na hongera sana, usiogope, endelea.

Nilidhani hivyo hivyo, mtu mzito ndo afaidi sponji. Ila ule utafiti wa Luxembourg wa watu 848 ulionyesha kinyume, waliofaidika na soli laini ni wepesi, kwa wazito haikuonekana tofauti ya maana. Kwa hiyo chukua unayosikia raha nayo, usijisikie umekosa kinga kwa kutokuwa na ile nene.

Kuhusu mteremko, ukishuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya kufunga breki na goti linabanwa, ndo maana linauma kushuka na sio kupanda. Kwa sasa panda kwa kukimbia, shuka kwa kutembea, na hatua zako ziwe fupi fupi za haraka, usirushe mguu mbele. Siku nyingine changanya, kimbia dakika moja tembea mbili. Na mazoezi ya kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, polepole, yanajenga hayo mapaja. Goti likivimba au likikataa kukunjuka hapo ni kwa mtu wa fiziotherapia, usisubiri ushauri wetu.

#8 Mama J wa Nyegezi

Marahaba mwanangu. Kiti ninacho. Ubarikiwe.

#9 Mkimbiaji Igoma

Vipi hizi raba za kaboni, zenye bamba gumu ndani ya soli? Naona kwenye mashindano hata sisi wa kilomita 10 tumeanza kuzivaa, mtu anakopa kabisa. Na Simbu anavaa, kachukua dunia.

#10 Mtu wa Bwiru

Simbu ametupa raha ambayo hatutaisahau, Tokyo Septemba 2025, marathoni nzima kashinda kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia. Ila zile raba ni za spidi, hazikutengenezwa kwa ajili ya kukulinda. Tangu zile raba za kaboni za Nike, Vaporfly za 2017, zilipotoka, kilichopimwa ni kwamba mkimbiaji anatumia nguvu pungufu kama asilimia 4 kwa mwendo ule ule, na ndo maana shirikisho la riadha duniani, World Athletics, 2020 wakaweka kikomo, soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40 na bamba liwe moja tu. Upande wa majeraha, 2023 madaktari waliripoti wanariadha watano waliopata ufa kwenye mfupa wa katikati ya mguu wakiwa wanatumia hizo. Watano ni wachache, haithibitishi kitu, ila inatosha mtu asizivae kila siku. Na ukiwa na spidi ya kwetu ya kawaida, hiyo hela ya mkopo nunua jozi mbili za kawaida zinazotofautiana uwe unabadilisha. Hao hao Luxembourg waliwafuatilia watu 264, waliokuwa na jozi zaidi ya moja kwa zamu walipata majeraha pungufu kwa asilimia 39. Sio jaribio la kugawa watu kwa bahati nasibu kwa hiyo liweke akilini tu, lakini mantiki yake naielewa, mzigo unahamahama badala ya kupiga sehemu moja kila siku.

#11 Mkimbiaji Igoma

Sawa kaka. Sasa hizo jozi mbili bajeti yangu ni mtumba wa Mlango Mmoja. Nitajuaje sponji bado ni nzima? Nilishanunua moja inang'aa, wiki ya pili nasikia lami yote.

#12 Raba Makoroboi

Hili naomba nilijibu mimi, ni kazi yangu.

Usiangalie juu, juu kunafuliwa na brashi kunang'aa. Geuza ubavuni pale kwenye sponji, kukiwa na mikunjo mingi myembamba ya kulala, hiyo imeshakandamizwa imekufa hata kama soli ya chini haijaisha. Minya kwa kidole gumba, ikirudi taratibu sana au ikiwa ngumu kavu achana nayo. Afu iweke juu ya meza iangalie kwa nyuma, ikilalia upande mmoja ujue aliyeivaa ameipinda na wewe utaenda kukanyaga alivyokanyaga yeye. Kunja mbele, ukisikia inalia kra kra gundi imekauka, soli itabanduka ukifika Buhongwa. Na toa soli ya ndani uangalie, kama alama ya vidole imezama kabisa imekimbiwa sana hiyo. Njoo asubuhi belo linapofunguliwa, usije saa kumi jioni zimebaki tulizozichambua.

Na ya kununua mbili, usichukue zinazofanana. Moja ya soli nene, moja nyembamba kidogo. Kama alivyosema mkuu hapo juu.

#13 Mtu wa Bwiru

Naongezea moja tu kwenye ya mkuu: raba yoyote mpya kwako, hata kama ni mtumba, wiki za kwanza itumie kwenye zile mbio zako fupi. Mbio ndefu ya Jumamosi iendelee na ile ya zamani mpaka mguu uizoee. Igoma ukija Jumamosi tuko Nyamagana saa kumi na mbili kasoro, kundi la kilomita 5 linatoka peke yake na halipandi Isamilo. Yule dada wa ugoko naye yupo kwenye kundi hilo, ameruhusiwa kurudi, na anakimbia na raba ile ile.